Mzingile wa Chartres na Njia ya Msalaba ya Malindi

Ijumaa za Kwaresima viti huondolewa katikati ya kanisa kuu la Chartres, hapa Ufaransa, na mzingile uliolazwa kwa mawe sakafuni tangu mwanzoni mwa karne ya 13 huonekana wote. Siku nyingi umefunikwa. Mimi niliukanyaga miezi mingi nikidhani ni sakafu tu.

Msidhani ni mzingile wa kumpoteza mtu. Njia ni moja. Ina mizunguko 11. Hukusogeza karibu kabisa na kitovu, halafu ikakurudisha ukingoni, tena na tena, hadi ikufikishe kwenye ua la petali sita pale katikati. Duara zima halifiki mita 13 upana, lakini njia ni kama mita 260. Huchagui pa kupinda. Unatembea, unasali.

Mara ya kwanza niliingia na rozari mkononi. Mama alikuwa mgonjwa Malindi, nami kazini sikupewa ruhusa ya kusafiri. Niliposogea karibu na lile ua, njia ikanirudisha nje. Nikalia palepale. Hakuna aliyeniuliza kitu, na kwa dakika chache nilishukuru kuachwa nibaki na Mungu wangu.

Kisha nikatamani kuulizwa.

Kwetu Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu haina ukimya huo. Jua linachoma, msalaba wa mbao unahama bega hadi bega, katekista anasoma kituo, vumbi limejaa kwenye magoti. Ukilia kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake, kuna mama atakayekufuta machozi kwa leso yake bila kukuuliza jina. Hata mfungo wetu una mashahidi. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani ziliandamana, na dada yangu aliniambia jirani yetu Mwislamu alikuwa akimletea kaimati magharibi, wote wawili wakiwa wamefunga. Mimi huku nilifunga siku 40 na hakuna aliyejua.

Hata hivyo, nasema wazi: ule ukimya tunauhitaji Malindi. Vituo 14 tunavipita mbiombio, wimbo juu ya wimbo, na mwenye jambo zito moyoni hapati pa kulitua. Nimeshaambiwa na ndugu kwamba kuzunguka duara ni mambo ya waganga. Jamani, duara hili limo ndani ya kanisa la Bikira Maria, na Wakristo wanalitembea wakisali. Parokia ikichora moja kwa chokaa uani, watu wakaitembea kimya kabla ya kituo cha kwanza, itapungukiwa nini? Ama tuichore mchangani, karibu na kile kikanisa cha Wareno kando ya bahari. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari, alipita mji wetu mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapo msafiri mwenzake aliyefia njiani. Mahali pale panajua habari za walio mbali na kwao.

Jambo moja tu litakuwa tofauti. Njia ya kuingia ndiyo ya kutokea, kwa hiyo wanaokwenda na wanaorudi hukutana uso kwa uso. Chartres mtu hukupisha akitazama chini. Malindi mdogo atasimama, aseme shikamoo kwa sauti ya chini, naye mkubwa ataitikia marahaba, kisha kila mmoja aendelee na sala yake.