Maneno 650 na mzigo wa kueleza Lamu

Mwalimu mmoja wa sekondari hapa Lamu, ambaye ninamheshimu sana, hushikilia kwamba kikomo cha maneno katika insha za kuomba nafasi kwenye vyuo vya Marekani kinamdhulumu mtoto wa visiwani. Fomu ya Common App, ambayo kwayo mwanafunzi huomba vyuo vingi vya huko kwa pamoja, hutaka insha kuu isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650, nayo University of California hutaka majibu manne, kila moja lisizidi maneno 350. Kijana wa Chicago akiandika juu ya gereji ya babake, asema mwalimu, msomaji humwelewa papo hapo. Kijana wa kijiji chetu cha Matondoni akiandika juu ya uundaji wa majahazi hulazimika kwanza kueleza jahazi, kalafati, na mji wa kale ambao vichochoro vyake havipitiki kwa gari, na anapofika kwenye habari zake mwenyewe nafasi imekwisha.

Hoja hiyo ina uzito, na lugha yenyewe huizidishia. Neno letu moja, "hatutawasahau", likiingia Kiingereza huwa maneno matano, kwa hiyo anayewaza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huona hesabu ikipanda bila ya kuongeza jambo lolote.

Hata hivyo, rasimu nilizopewa na vijana wa Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wa Lamu, nizipitie hazikunionyesha kwamba Lamu ndiyo iliyozirefusha. Moja ilikuwa na maneno zaidi ya 900. Nilipozihesabu sehemu zake, habari za Matondoni hazikufika maneno 80, ilhali utangulizi wa kuisifu elimu pamoja na shukrani na ahadi za mwishoni vilichukua karibu 300. Sikumlaumu mwandishi, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha. Katika insha ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mtahiniwa huhimizwa afikishe maneno 400, apambe kwa methali na ahitimishe kwa wosia. Hofu yake ya miaka yote ni kupungukiwa. Nafasi za vyuo vikuu vya hapa Kenya, zinazogawanywa na taasisi ya KUCCPS, hutegemea alama wala hazidai insha. Basi fomu ya ng'ambo huenda ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kuambiwa kwamba maneno yamezidi.

Wako wanaoshauri kwamba kuzidisha kidogo hakudhuru. Kisanduku cha Common App hakipokei zaidi ya 650, kwa hiyo hapo hakuna la kubishania. Penginepo, ambapo insha hutumwa kama faili, bado naona si haki kwa wenzake waliojinyima sentensi walizozipenda ili watii sharti lile lile.

Sisi watu wa pwani hatukosi mazoea ya kipimo: ubeti wa utenzi una mizani minane kwa kila mshororo, na mtunzi hupima silabi hadi maana ikae. Ni kweli kwamba mtunzi huichagua mwenyewe bahari yake, yaani aina ya shairi, na mwombaji hupangiwa. Lakini kazi ya mkono ni ile ile. Katika rasimu ile tulifuta fasili ya kalafati, iliyochukua mistari minne, tukabakiza tendo: kijana alipewa na babu yake nyundo na patasi, akajaza pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao, na maji yalipojaa akainama kutazama kama chombo kinavuja. Asiyewahi kuona jahazi ataelewa, na atakuwa amemjua kijana kwa sentensi hiyo hiyo.

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo hayaingii katika tendo: shule yenye vitabu vichache, safari ya mashua kila wiki, masomo yanayokatizwa na upepo wa kusi. Hapo mwalimu ana haki, ila tiba yake si kurefusha insha. Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada, tena shule yenyewe hutuma ripoti na barua kuhusu mwanafunzi. Barua nyingi nilizoziona husema tu kwamba kijana ana nidhamu na bidii. Mwalimu anayeijua shule yake na bahari inayoizunguka aandike hayo katika barua hiyo, ili maneno 650 yabaki kuwa ya mtoto.