Vipande Viwili vya Nyama

Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya bintiye, dadangu alinipa kazi moja tu. Keki yake, maputo ya shemeji, pilau ya jirani. "Wewe leta katuni," akaniambia. "Watoto wakae kimya saa moja, nipate kupanga meza."

Mtu mwingine angefungua YouTube akaenda zake kuchukua soda. Lakini mimi ndiye mjomba msomi katika ukoo wetu, na msomi hafungui YouTube. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeokota hazina pale soko la Toi, kwenye rundo la mtumba, baina ya blenda isiyo na kifuniko na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto: kasha la DVD tatu kutoka Uingereza, filamu fupi zote za mwongozaji Jan Švankmajer wa Prague, kuanzia 1964 hadi 1992. Muuzaji alitaka 300, nikampa 200. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikadhani anajutia bei.

Sanaa yenyewe naijua, na nilihakikisha kila mtu mtaani Umoja anajua kwamba naijua. "Unachukua sanamu ya udongo, unaipiga picha," nilimweleza shemeji. "Unaisogeza kidogo, unaipiga tena. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24." Shemeji ni mhasibu. Akatoa simu, akapiga hesabu: dakika moja, fremu 1,440.

"Na huyo mtu analipwa na nani?"

"Ni sanaa, shemeji."

"Ndiyo maana nauliza."

Nisichokijua ni kilichokuwemo ndani ya kasha. Sikuwa nimetazama hata moja. Niliona udongo, nikaona sanamu, nikajumlisha nikapata watoto.

Hata mitambo ingeweza kuniokoa. DVD za Uingereza huwa zimefungiwa eneo la 2, nasi Kenya tuko eneo la 5. Kwa haki, mashine ya dadangu ingezitema. Lakini hizi mashine za madukani barabara ya Luthuli hazina ubaguzi. Ukizitilia chapati zitajaribu kuicheza.

Basi Jumamosi ikafika. Watoto 14 mkekani. Nyuma yao, kwenye makochi, kina mama wawili wa chama cha kuweka akiba, mchungaji aliyekuja kuombea keki, na Shosho, mamake shemeji, aliyeteremka na matatu ya alfajiri kutoka Nyeri. Nikasimama mbele, nikatoa hotuba fupi (dadangu anasema haikuwa fupi), nikabonyeza.

Vikatokea vichwa viwili vimetazamana, kimoja cha mboga na matunda, kingine cha vyombo vya jikoni. "Kichwa cha supamaketi!" mtoto mmoja akapaza sauti, wote wakacheka. Kisha kichwa cha vyombo kikafumbua kinywa, kikakimeza kile cha mboga, kikakisagasaga na kukitapika. Dadangu alitaka kimya; kimya akakipata.

Nikajipa moyo kwamba hilo ni somo la lishe. Ikaja sehemu ya pili: mwanamume na mwanamke wa udongo wameketi mezani. Wakatazamana. Wakabusiana. Wakaanza kuyeyuka, huyu akiingia ndani ya yule, mpaka hujui mkono ni wa nani.

"Wanakanda chapati!" watoto wakashangilia.

"Unga huo umezidi maji," Shosho akasema.

Mchungaji aliinamisha kichwa. Sijui alikuwa akiombea keki au mimi. Walipoachana wale wawili, kikabaki kidonge kidogo cha udongo mezani, na hakuna aliyekitaka. Mwanamume anakisukuma kwa mwanamke, mwanamke anakirudisha.

"Huyo ni mtoto," Shosho akawaeleza kina mama wa chama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona kesi kama hizo kwa chifu.

Nikabonyeza rimoti izime. Wapi! Betri zilikuwa zimehamishwa asubuhi na kaka ya mwenye siku yake, nazo wakati huo zilikuwa koridoni ndani ya kigari cha polisi, kikilia ving'ora. Nikairukia mashine yenyewe. Vitufe vyote vilikuwa vimekufa isipokuwa cha kuruka mbele. Nikakibonyeza kama mtu anayeita lifti.

Ikaruka mpaka kwenye uwanja wa mpira. Shemeji akatoka jikoni mbio, "Nani anacheza?" Kwa bahati mbaya wachezaji wa mechi hiyo walikuwa wakiuana, na ubao ukihesabu maiti badala ya mabao. Nikabonyeza tena.

Na hapo ndipo walipotokea wale wawili. Vipande viwili vya nyama ya ng'ombe, vibichi, vyekundu. Vikaamka, vikacheza dansi, vikagaagaa kwenye unga, mahaba matupu. Watoto wakaangua kicheko. Msichana wetu mwenye siku yake akasimama na kucheza navyo. Nami nikashusha pumzi, nikajipangusa jasho, nikamgeukia shemeji kumwonyesha: unaona?

Filamu hiyo nzima ni kama dakika moja. Ile fremu 1,440 ya mhasibu ilipoelekea kwisha, vile vipande vikachomwa uma na kutiwa kwenye kikaango cha mafuta moto. Chwaaa! Kwisha habari yao.

Sekunde hiyohiyo dadangu akafungua mlango wa jikoni, uso wa tabasamu, mikononi sinia la nyama ya kukaanga ingali ikichacharika.

Mwenye siku yake akaitazama runinga. Akalitazama sinia.

"Mama. Ni wao?"

Kilio cha watoto 14 katika fleti ya vyumba viwili ni kitu cha kusikia mwenyewe. Shemeji aling'oa waya ukutani. Mtoto mmoja aliomba nyama izikwe. Keki ililiwa, lakini baada ya kila kipande kugeuzwa pande zote kutafutwa macho. Kina mama wa chama waliondoka na nyama yote kwenye vibebeo, wakinishukuru mmoja baada ya mwingine.

Ndani ya matatu nikaingia kwenye simu kutafuta utetezi. Nikaupata! Nikamwandikia dadangu kwamba ile filamu ya vichwa ilishinda Dubu wa Dhahabu huko Berlin mwaka 1983. Jibu likaja kabla hatujafika mjini: "Mwambie huyo dubu aje aoshe vyombo."

Usiku ule niliitazama yote peke yangu, sauti chini. Wale wawili wa udongo hawapatani kamwe. Wanararuana mpaka hakuna uso uliobaki, na kidonge chao wala hakina wa kukijali.

Juzi Shosho alipiga simu kutoka Nyeri. Tukajuliana hali, tukamaliza mvua, tukamaliza majani chai. Kisha akashusha sauti.

"Kale katoto kalikoachwa pale mezani. Kalichukuliwa na nani?"

"Kalipelekwa kwa shosho yake," nikamwambia.

"Nilijua tu," akasema, akakata simu.