Harufu ya mabanda pembezoni mwa Tabora: nani alitangulia si swali la kwanza

Mgogoro wa harufu ya mifugo katika Manispaa ya Tabora huanza kwa swali lilelile kila pande mbili zinapofika mbele ya mwenyekiti wa mtaa: nani alitangulia kufika hapa? Mfugaji hueleza kwamba alipojenga mabanda palikuwa pori la miombo na njia ya ng'ombe, na kwamba viwanja vilipimwa baadaye hadi kwenye uzio wake. Mkazi hujibu kwamba alinunua kiwanja kilichopimwa kihalali, wala hakuna aliyemwambia kwamba kila jioni atafunga madirisha. Kwa kuwa wote wawili husema kweli, swali hilo halimalizi shauri, na kwa maoni yangu lingetanguliwa na jambo ambalo pande zote mbili hulipita, yaani maji.

Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wengi nchini, wala samadi si kitu kigeni kwa watu wake. Ng'ombe mia moja wanaochungwa katika mbuga za Igunga hutawanya kinyesi chao njia nzima, jua na wadudu wakakimaliza kabla hakijavunda. Kilicho kigeni ni kukusanya. Kuku mmoja wa mayai hutoa takriban gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, kwa hiyo banda la kuku 5,000 hupokea zaidi ya nusu tani kila siku chini ya paa moja. Bakteria huigeuza asidi ya yuriki iliyomo humo kuwa amonia, gesi yenye harufu kali, na bakteria hao hawafanyi kazi pasipo unyevu.

Mfugaji anayeijua kazi yake huchota konzi ya maranda yaliyotandazwa sakafuni mwa banda, huyaminya kiganjani, kisha hufungua vidole. Yakibaki donge, yamelowa. Yakimeguka taratibu, yako sawa. Yakitimka, yamekauka kupita kiasi na sasa tatizo ni vumbi, ambalo nalo hubeba harufu hadi kwa jirani. Kisha inafaa achuchumae. Amonia ambayo mtu aliyesimama mlangoni haihisi, kuku huivuta kutwa nzima akiwa sentimita ishirini tu kutoka sakafuni, na ikizidi sehemu 25 kwa kila sehemu milioni za hewa, kiwango ambacho wataalamu wengi wa ufugaji hukitaja kuwa ukomo, macho na mapafu yake huanza kudhurika. Bati linalovuja na chombo cha maji kinachomwagika humtia hasara mwenye kuku kabla ya kumkera jirani, na maranda makavu yanapatikana kwa mafundi seremala wa mjini. Ndiyo maana siupokei kwa urahisi utetezi kwamba kudhibiti harufu ni gharama isiyobebeka.

Hata hivyo mfugaji naye ana hoja. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zinaponyesha, hata banda lililotunzwa vizuri hupata unyevu. Miezi ya Juni na Julai usiku huwa na ubaridi, hewa baridi hulala karibu na ardhi, na harufu ambayo mchana ingepaa na kupotea hutambaa hadi vitandani mwa watu. Kwa hiyo malalamiko ya alfajiri si uzushi, na afisa aliyefika saa sita mchana asinuse kitu naye hakudanganya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 humpa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na wakazi huitaja wanapodai mabanda yahamishwe. Lakini pua ni shahidi mwenye kasoro. Haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza inayotoka katika mashimo ya kinyesi cha nguruwe kilicholowa, hunuswa ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, ilhali ikifika karibu na sehemu 100 huua uwezo wa kunusa, na anayeingia shimoni hudhani hewa imesafika. Anayekabiliwa na hatari hiyo ni kibarua anayezoa shimo, ambaye kwenye vikao vya mtaa sijawahi kumsikia akitajwa.

Kuliacha suala lote mahakamani nako kuna mafunzo yake. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama liliwapa majirani kumi wa shamba la nguruwe fidia ya zaidi ya dola milioni 50, ambayo ukomo wa kisheria wa jimbo uliishusha hadi takriban dola milioni 3.25. Wabunge wa jimbo, kwa upande wao, walitunga sheria za kubana mashauri ya namna hiyo. Ujerumani ilichagua njia ya subira: watu waliopimwa uwezo wa kunusa husimama mahali palipopangwa, wakahesabu saa ambazo harufu inasikika, na kwa kawaida katika makazi saa hizo hazitakiwi kuzidi asilimia 10 za mwaka.

Kipimo hicho hakihitaji mtambo. Daftari moja katika ofisi ya mtaa, likijazwa saa, tarehe na upande wa upepo na watu wawili, mmoja akiwa ameteuliwa na mfugaji, lingeonyesha kama tatizo ni la siku nane za mvua au la mwaka mzima. La siku nane hutibiwa kwa bati na maranda. La mwaka mzima ni suala la umbali, na hapo mtambo wa biogesi, ambao hupunguza uvundo wa kinyesi lakini huiacha amonia katika tope linalobaki, hautoshi.

Umbali nao haukuamuliwa na mfugaji wala mkazi. Aliyepima viwanja hadi kwenye uzio wa mabanda aliuona uzio huo. Kama ukanda wa miti ulipaswa kuachwa hapo, upande wa magharibi unakoelekea upepo wa kiangazi, ni haki gharama ya kuurudisha igawanywe kwa tatu, na fungu la halmashauri litajwe kwanza.