Soprano Namba Kumi

Katika kwaya yetu hapa Kisumu, besi ndio wazee. Wanaingia wa kwanza, wanaketi wa kwanza, na chai ikija wanamiminiwa wa kwanza. Kiongozi wao, ambaye tunamwita Mzee Besi hata mbele ya mkewe, anashikilia kwamba wimbo ni nyumba na besi ni msingi, na yeye hajawahi kuona fundi anayeanza na mabati.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, mtu wa solfa, yaani muziki unaoandikwa kwa herufi za do, re, mi. Sarah Glover aliianzisha kule Norwich, John Curwen akaieneza, wamisionari wakatuletea, na hadi leo ukimpa mwanakwaya wa huku karatasi yenye zile noti za mikia atakuuliza viluwiluwi hivi ni vya nini. Lakini solfa ina shida yake: karatasi haiimbi. Akina mama walitaka kila sauti itumwe kwenye simu wajifunze nyumbani. Basi nikanunua kompyuta ya mezani ya mtumba pale Kondele, memori gigabaiti 4, na mpwa wangu anayesomea mambo hayo akaja kunichagulia programu ya kuandikia muziki.

"Mjomba, kuna Sibelius, lakini hiyo unalipia kwa dola."

"Ruka."

"Kuna Finale. Hii ilianza 1988."

"Hiyo ina heshima. Tuchukue."

"Wenyewe walitangaza mwaka wa 2024 kwamba wameacha kuitengeneza."

Nikanyamaza kidogo, kwa heshima ya marehemu.

Iliyofuata ilikuwa LilyPond. Hii nilitaka kuipenda, maana ni ya bure na unaandika muziki kwa herufi, kama solfa. Nikaandika d nikimaanisha do. Ikachora re. Nikaandika m, ikakataa katakata. Mpwa akaniambia huko d ni noti ya D, na kwamba inaweza kuelekezwa isome do, re, mi nikitaka. Nikamwambia mimi na programu inayohitaji kuelekezwa do ni nini hatutafika mbali.

MuseScore ndiyo niliyoitaka hasa. Ni ya bure, na toleo la 4 lililotoka Desemba 2022 lina waimbaji ambao ukifumba macho utadhani wako sebuleni. Ila sauti zenyewe ni mzigo wa gigabaiti kadhaa, na kompyuta yangu hata ukifungua barua mbili kwa pamoja inaanza kupumua kama mpanda baiskeli anayepanda kilima cha Riat. Mpwa alishauri tuweke toleo la zamani, lililo jepesi. Ushauri mzuri sana. Laiti tungeishia hapo.

Lakini jambo likishafika kwenye kamati ya kwaya si lako tena. Katibu alikuwa na flashi yenye programu kongwe ya kupanga MIDI, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta ipige noti gani kwa ala gani. Ni nyepesi, haihitaji intaneti, na kila sauti inapata mstari wa rangi yake. Wajumbe walipoona zile rangi, kura ikapigwa kabla mpwa hajamaliza kusafisha koo.

Ikabaki nani akae mstari gani. Hapo tulikaa hadi jua likazama. Mzee Besi alitaka mistari miwili ya juu, besi ya kwanza na ya pili. Akapewa. Sauti ya tatu, yaani tena, wakasema na wao ni wanaume, wakapewa miwili iliyofuata. Kisha kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi, nyatiti na orutu, zile ala za nyuzi za Kijaluo, maana wapigaji wote walikuwepo na kila mmoja alikuwa na mdomo. Huo ni mstari wa tisa. Soprano wakaangukia wa kumi, alto wa kumi na moja, na ngoma mkiani. Akina mama hawakupinga kwa sababu hawakuwemo chumbani. Walikuwa nje wakitupikia chai ya mkutano huohuo.

Mpwa akaanza kuingiza noti. Nyatiti ilimtoa jasho. Orodha ile ya ala inayotumika kwenye MIDI ilipangwa mwaka wa 1991, ina milio 128, na waliokaa kuipanga walikumbuka simu inayolia, helikopta na mlio wa bunduki. Nyatiti, yenye nyuzi nane zake zote, hawakuikumbuka. Tukaazima banjo. Mpiga nyatiti aliisikiliza akasema, "Huyo ni mtoto wa nani?"

Jumamosi ikafika. Spika za kanisa zikaunganishwa, mistari ikamulikwa ukutani, madirisha yakafunguliwa kwa sababu ya joto, na nje vijana wa mtaa walikuwa wanacheza mpira uwanjani kama kawaida yao. Soprano waliketi mbele wamevaa vitambaa vipya, mama watoto katikati yao, maana yeye ndiye anayewaongoza. Nikabonyeza.

Besi wakaingia. "Aaaa." Mzee Besi akafumba macho, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa wasifu wake. Sauti ya tatu wakaingia. Vizuri. Kisha ikafika zamu ya soprano, na pahali pa sauti za akina mama pakatoka: tu-pa, tu-pa, du, ngʼe!

Watu wakaangaliana. Mpwa akaruka kwenye kompyuta, lakini kiti cha Mzee Besi kilikuwa njiani na mwenyewe hakuwa na nia ya kukisogeza.

Siri yenyewe ni hii. MIDI ina chaneli 16, yaani njia za kupitishia sauti, na kwa mpango ule wa 1991 chaneli ya 10 ni ya ngoma. Ukiweka sauti hapo, kila noti inageuka chombo cha kupigwa, kutikiswa au kupulizwa. Programu nyingi za leo zinaiepuka zenyewe. Hii ya katibu ilikuwa inampa mstari wa kumi chaneli ya kumi bila kuuliza mtu. Wimbo wetu ulikuwa katika C, kwa hiyo do ya soprano ilikuwa bongo, mi ikawa konga, so ikawa kengele ya agogo, na la ikawa kibuyu cha mbegu. Ti ni filimbi fupi. Do ya juu ni filimbi ndefu, kabisa kabisa ya refa.

Na kilele cha wimbo ule, pale kwenye "Aleluya", ni so, la, ti, do.

Ngʼe! Chaka! Pri! Priiiii!

Uwanjani mabeki wakasimama. Kipa akaokota chupa yake ya maji. Mshambuliaji mmoja tu hakusimama, akaendelea na mpira mguuni, akafunga. Kelele ikalipuka. Dakika moja haikupita, mlango wa kanisa ukajaa vijana wenye vumbi hadi kwenye kope, mpira kwapani.

"Shikamooni. Nani amepuliza filimbi?"

Kimya. Hata Mzee Besi alifumbua macho.

Mama watoto akainuka polepole, akajitengeneza kitambaa. "Ni mimi. Ulizeni."

"Mathe, ilikuwa ofsaidi ama goli?"

Akanitazama mimi, akaitazama mistari ile kwenye ukuta, besi juu kabisa, yeye chini ya orutu. "Goli," akasema. "Na sasa nendeni, tuna kikao."

Kikao hicho sitakisimulia chote. Mpwa alieleza kwamba dawa ni rahisi, ngoma ipande mstari wa kumi panapoistahili. Soprano wakauliza kama walichoka kuwa chini ya orutu ili wapelekwe chini ya ngoma. Akapendekeza tubadilishe namba ya chaneli tu, mistari ibaki ilivyo. Wakasema nao mistari ndiyo hasa hawaitaki. Alto, ambao hawakuwa wameguswa na lolote, waligoma kwa mshikamano. Mwishowe soprano walipandishwa hadi wa tatu, sauti ya tatu wakashuka wakinungʼunika, na mstari wa kumi ukaachwa mtupu. Katibu hakutaka uonekane kama umesahaulika, akauandika "Mgeni wa Heshima". Ngoma ikabaki mkiani, na mpwa akaipa chaneli ya kumi kimyakimya bila kuitisha kura.

Alto sasa ndio wana barua. Wanataka kujua kwa nini mgeni ambaye hajawahi kuja hata mazoezi moja amewekwa juu yao.