Thibitisha Kwamba Mkono Ni Wako

“Kazi zako hazijafikia kiwango chetu kwa sasa.”

Kwa sasa! Ndivyo jukwaa la wachoraji mtandaoni linavyomjibu mtu aliyeomba kujiunga, na hayo maneno mawili ndiyo yanayokera. Wangesema tu hujui kuchora, mtu angezima kishikwambi chake akalala. Lakini “kwa sasa” inakuacha mguu ndani mguu nje, unahesabu siku 30 za kuruhusiwa kuomba tena, na ukijisahau ukaomba siku ya 29 wanaanza kukuhesabia upya. Watu wazima na heshima zao wanahesabu siku kama wafungwa. Na wala hatuombi mshahara. Tunaomba ruhusa ya kubandika picha mahali ambapo wenzetu wamebandika picha.

Fomu yenyewe nisiiseme sana, ingawa inastahili kusemwa. Inataka picha iwe na DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. DPI ni maelekezo ya printa! Skrini haina habari nayo. Picha ya pikseli 2480 kwa 3508, uiandikie 300 au uiandikie 72, kwenye skrini ni ileile, haiongezeki wala haipungui unywele. Tofauti inaonekana kwenye karatasi tu: kwa 300 inatoka A4, kwa 72 inatoka bango la karibu sentimita 87 kwa 124. Hiyo 72 yenyewe ni urithi wa kioo cha Macintosh ya 1984, na mpaka leo tunaulizwa kama dini. Utabishana na fomu? Fomu haina masikio. Fungua dirisha la ukubwa wa picha, ondoa alama kwenye kiboksi cha kupima pikseli upya, andika 300, hifadhi. Pikseli zimebaki zilezile, fomu imefurahi, kila mtu na ujinga wake.

Rangi nazo. Unatuma uso wa mtu mwenye afya yake, unafika uso wa mtu aliyetoka wodini. Umefanyia kazi Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB ya skrini za kawaida, jukwaa likang'oa profaili ya rangi, ile lebo inayosema namba za rangi zisomweje, wakati wa kupokea faili, halafu kila kioo kikasoma zile namba kana kwamba ni sRGB. Geuza kuwa sRGB kabla ya kutoa faili. Na neno ni kugeuza, si kubandika profaili mpya juu ya namba za zamani, maana hapo utakuwa umemkamilisha mgonjwa. CMYK usiiguse kabisa, hiyo ni ya watu wa kiwanda cha uchapaji.

Halafu kuna hili la PNG isiyo na mandharinyuma. Umechora kwa mistari myeusi, safi, siku tatu. Mkaguzi wa maombi anatumia muundo wa giza. Mistari myeusi juu ya weusi. Anakujibu kwa upole mkubwa: “Inaonekana umetuma ukurasa mtupu.” Leya moja nyeupe, yaani tabaka la mchoro, chini kabisa, sekunde mbili, ingekuokoa. Lakini nani alikuwa anafikiria giza?

Na idadi, nisisahau. Wakisema “mpaka kazi 10”, mpaka maana yake si lazima. Ukiwa na 7 nzuri tuma 7. Ile ya nane uliyotia kujazia nafasi ndiyo watakayoifungua kwanza, kana kwamba inanuka.

Haya, tuje kwa mkaguzi.

Mkaguzi hana jina wala sura. Ana picha ya paka aliyevaa miwani, na cheo kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Huja usiku wa manane na lugha ya mahakamani: “Ndugu mwombaji, kuhusu kazi namba 4, tunaomba uthibitisho kwamba imechorwa na binadamu.”

Zingatia kwamba ndugu mwombaji huyo, ili tu afungue akaunti, ameshaithibitishia mashine kuwa yeye si mashine, kwa kubofya viboksi vyenye taa za barabarani. Mashine iliridhika. Aliyekataa ni binadamu.

Basi unaanza kwa adabu. Unatoa shikamoo kabisa, maana umri wa paka mwenye miwani haujulikani, na huenda unamwamkia mtoto wa sekondari aliyepaswa kuwa amelala. Shida humshusha mtu. “Shikamoo mkaguzi. Naambatisha rasimu ya kazi namba 4.”

“Rasimu inaweza kuchorwa baadaye kwa kufuatisha picha iliyokamilika. Tunaomba faili asili lenye leya.”

Hapo ndipo jasho linapoanza, kwa sababu faili asili lina leya moja. Moja tu, imekaa peke yake kama yatima. Na kosa si lako, ni hesabu. A4 ya DPI 300 ina pikseli 8,699,840. Kila pikseli inabeba baiti 4: nyekundu, kijani, bluu na uwazi. Leya moja iliyojaa, basi, ni karibu MB 35 za kumbukumbu, na hujachora hata kope. Leya 30 zinapita GB 1. Ukikuza turubai mara mbili kwa urefu na upana, uzito unapanda mara nne, si mara mbili, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Procreate yenyewe, programu ya kuchorea kwenye iPad, hukuwekea kikomo: turubai ikikua, leya unazoruhusiwa zinapungua. Kwa hiyo unafanya nini? Unaunganisha. Ngozi na kivuli chake, nguo na mkunjo wake, na saa tisa usiku, kalamu ikiwa inachelewa nyuma ya mkono kama mtu anayeburuzwa, unaunganisha mtu mzima na mlima ulio nyuma yake. Umeokoa kishikwambi. Umefuta ushahidi.

“Faili lina leya moja,” anasema paka.

“Ndiyo, mkuu. Niliziunganisha.”

“Kwa nini?”

“Kumbukumbu ilijaa.”

“Tunaelewa. Tunaomba video ya mchakato.”

Lile “tunaelewa” usilifurahie. Maana yake ni kwamba jina lako limewekewa mstari mwekundu.

Video ipo, bahati nzuri. Procreate hurekodi yenyewe bila kuombwa, usipokuwa umeizima. Tatizo ni kwamba rasimu ilichorwa kwenye karatasi, ikapigwa picha, ikaingizwa kwenye turubai. Kwa hiyo video inaanza na mtu mwenye pua tayari. Hakuna aliyemwona akipata pua. Wa Krita, ile programu ya kuchorea ya bure, msicheke: kirekodi kimo tangu toleo la 5.0 la 2021, lakini lazima ukifungue na kukiwasha kabla ya kuanza kuchora, na kabla ya toleo la 5.2 la 2023, siku ya kutoa video kilidai programu nyingine iitwayo FFmpeg. Ukikikumbuka ukiwa umefika kwenye vivuli, kitarekodi vivuli. Ya nyuma yamepita, hakina kazi ya kukufariji.

“Video inaanza pua ikiwa imekamilika.”

“Mheshimiwa mkaguzi, pua ilianzia kwenye karatasi.”

“Tunaomba karatasi.”

Karatasi! Nani ana karatasi? Karatasi ya rasimu huishi siku mbili, ya tatu imeandikiwa namba ya simu ya mtu na kuondoka na mtu huyo.

“Basi tafadhali chora pua hiyo upya huku ukijirekodi, tulinganishe.”

Unachora. Umekaa wima, mkono unatetemeka kama wa mtu anayeweka saini mbele ya polisi, na kalamu, kwa kuwa nayo ina moyo wake, inachagua dakika hiyo kuacha kutambua mgandamizo. Mistari yote unene mmoja, kama nyaya. Unafungua mipangilio, unakuta kile kiboksi cha Windows Ink, mfumo wa kalamu wa Windows, kimejigeuza tena baada ya sasisho, unakirudisha, unawasha programu upya, unachora. Pua imetoka. Pua nzuri tu. Unatuma.

“Pua hii hailingani na pua ya kazi namba 4.”

Ndiyo hailingani! Imechorwa kwa mkono! Ingelingana pikseli kwa pikseli ndipo mngeniita mashine! Mtu mwenyewe akiandika jina lake mara mbili halilingani, itakuwa pua? Kesi ya ngedere, hakimu nyani, na nyani mwenyewe kavaa miwani!

Samahani. Turudi kwenye ustaarabu.

Ukweli ni kwamba wanachotaka kinajulikana na ni kidogo, ila lazima kiandaliwe kabla, wakati bado huna kesi. Kila hatua ihifadhiwe kwa faili lake: 01 rasimu, 02 mistari, 03 rangi bapa, 04 vivuli, 05 mwisho. Krita hata ina amri ya kuhifadhi toleo jipya lenye namba inayofuata, Ctrl+Alt+S, vidole vitatu. Unahifadhi kwanza, ndipo unaunganisha leya, na kuanzia hapo unaendelea kwenye faili lenye namba mpya. Kisha piga picha ya skrini katika kila hatua, dirisha zima, orodha ya leya ikionekana pembeni na majina yake. Usikate ukaacha mchoro peke yake, mchoro peke yake hauthibitishi kitu. Na hizo leya zipe majina ya kueleweka. “Leya 14 nakala nakala” ni ushahidi wa binadamu aliyechoka, lakini wapo wakaguzi wasiolijua hilo. Panga picha nne au tano kwenye ukurasa mmoja, tuma PNG moja. Usizipitishe kwenye programu ya kutumiana ujumbe, itazibana mpaka vile viboksi vya JPEG vya pikseli 8 kwa 8 vianze kuhesabika pembeni mwa mistari, halafu utaambiwa hayo nayo ni madoa ya akili mnemba.

Na hata ukiwa na vyote, usijipe uhakika. Mwishoni mwa 2022 mchoraji mmoja wa Vietnam alifungiwa kwenye jukwaa kubwa kwa kuwa kazi yake ilifanana na ya mashine. Akajitolea kuonyesha mchakato wake. Akajibiwa kwamba hata kama ameichora mwenyewe haijalishi, atafute mtindo mwingine. Ni kama umeibiwa shati, kisha unaambiwa wewe ndiye ubadilishe mavazi maana unafanana na mwizi.

Wakaguzi nao nawahurumia kidogo. Kidogo sana, msije mkazoea. Mwaka huohuo wa 2022 ndio vitengeneza-picha vya akili mnemba vilipofunguliwa kwa umma, na Desemba ukurasa wa mbele wa ArtStation, jukwaa la wachoraji, ukajaa bango moja la kuipinga AI, wachoraji wakilirudia tena na tena. Mtu anayepokea marundo ya maombi kila usiku ataona mashine hata kwenye kivuli chake. Lakini zile programu wanazotegemea kutambua picha za mashine hukosea pande zote mbili. Na kuna uonevu mwingine umejificha humo. Glaze, iliyotoka Chuo Kikuu cha Chicago 2023, hupaka picha mabadiliko madogo ili mashine zisijifunze mtindo wako. Kwenye eneo la rangi bapa, anga kwa mfano, mabadiliko hayo huonekana kama mikunjo ya ajabu. Mkaguzi anakuza anga, anaona mikunjo, anakushtaki kuwa mashine. Yaani umevaa koti la kuzuia mvua ukakamatwa kwa kulowa. Kwa ombi la kujiunga peleka nakala isiyo na Glaze, ndogo kidogo, na ile yenye kinga ndiyo uibandike hadharani baadaye.

Wazee wa zamani walikuwa na raha. Wataalamu wakimulika picha zao kwa miale ya infraredi huona rasimu ya mkaa bado imelala chini ya rangi. Leya zipo, zimehifadhiwa miaka mamia, na hakuna aliyeishiwa kumbukumbu.

Ukikubaliwa, kuna kanuni kwamba kabla ya kubandika picha moja, utoe maoni kwa watu watatu, na “nzuri sana” haihesabiwi. Hiyo ni kanuni nzuri, sibishi. Geuza picha ya mwenzako kushoto kulia, kwenye Krita ni kitufe M, utaona jicho moja limepanda juu ya jingine. Weka leya nyeusi juu yake kwa modi ya rangi, yote inakuwa kijivu, utaona kama uso umemezwa na ukuta. Andika hivyo. Usichore juu ya kazi yake kwa kalamu nyekundu bila kuombwa, hata kama mkono umemtoka begani kama mpini wa jembe.

Mikono. Hilo nalo. Tangu mashine ziaibike kwa vidole sita, wakaguzi wanahesabu vidole kuliko walimu wa chekechea, na wachoraji tumeogopa. Mikono yote sasa imo mifukoni. Au nyuma ya mgongo, au ndani ya mikono ya joho, au imefunikwa na maua yaliyotokea ghafla mbele ya kifua bila sababu. Shujaa ameua joka, amesimama juu ya mzoga, mikono mifukoni. Malkia, mikono mifukoni, na gauni lile huwa halina mifuko. Juzi kuna aliyechora mpiga kinanda, kinanda kimechorwa vizuri mno, vitufe vyote 88, mbao inang'aa, na mwenyewe amekaa mbele yake, mikono
 mifukoni.