Ndevu za Baba Mkwe na Taulo la Tausi

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu taulo langu halikuwa langu. Naingia bafuni asubuhi nalikuta limelowa chepechepe, na kila ninayemuuliza ananikazia macho makavu: "Nitajuaje lipi lako, na yote meupe?"

Hapo wananiweza, maana kweli yote yalikuwa meupe. Kwa mke wangu taulo halali ni jeupe. Ukimbana sana atakukubalia la kijivu. Anasema jeupe unalichemsha, unalitia dawa kali ya madoa, na halikufichi uchafu wako. Sawa. Lakini halimfichui mwizi.

Basi siku moja nikatangaza kwamba kuanzia leo mataulo ya nyumba hii nitayachagua mimi. Kila mtu rangi yake na picha yake. Atakayejifutia la mwenzake tutamkamata nalo kiunoni. Mke wangu akanitazama kidogo, akasema, "Haya." Wenzangu mliooa mnaijua hiyo "haya". Ina vyumba vingi ndani, na vyote vimefungwa kwa kufuli.

Dukani palikuwa na ukuta mzima wa mataulo. Upande mmoja yamepangwa yale yaliyotulia, ya milia na vijipembe, rangi mbili tatu basi. Nikayapita kama kijana asiye na adabu anavyopita wazee bila salamu. Upande wa pili palikuwa mbuga ya wanyama. Chui yupo, pundamilia yupo, kasuku watatu wekundu wametua kwenye tawi, maua ya waridi makubwa kama masufuria. Na katikati yao, tausi. Mkia ameufungua wote, bluu juu ya bluu, na kijani kinachomeremeta. Nikalipapasa. Laini kama mgongo wa paka aliyeshiba. Nikajipangusa nalo shavu, nikasisimka.

"Una jicho, mzee," muuzaji akaniambia.

Mtu akishakusifia jicho, huwezi tena kutoa miwani mbele yake ukaanza kusoma lebo. Nikachukua matano: chui wangu, kasuku wa mke wangu, maua ya binti yetu, pundamilia wa kitinda mimba, na tausi wa wageni.

Zile lebo zilinikera tangu mwanzo. Ya tausi ilining'inia palepale penye mkia, imeharibu picha yote. Nilipofika nyumbani nikachukua mkasi, nikazikata zote tano, nikazitupa. Kitu kimoja tu nilikisoma kwa bahati mbaya: gramu 350 kwa mita moja ya mraba. Nikafurahi. Nikasema afadhali, mepesi, hayatamchosha anayeanika.

Kesho yake baba mkwe alikuwa anakuja kutusalimu.

"Umeyafua?" mke wangu akauliza.

"Mapya hayo. Utafuaje kitu ambacho hakijachafuka?"

"Haya."

Sasa nikueleze kidogo juu ya baba mkwe. Ni mzee wa maneno machache na ndevu nyingi. Ndevu zenyewe nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, zinashuka hadi kifungo cha pili cha shati, na anatembea na kitana kidogo cha kuzichania. Ndevu zile zimeamua kesi nyingi za ukoo. Akizishika tu, wanaogombana hunyamaza.

Alifika jioni. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamwongoza mwenyewe hadi bafuni, ambako nilikuwa nimelikunja lile taulo kwa ustadi ili mkia wa tausi uutazame mlango. Akalitazama. Akanitazama mimi. Akaingia.

Alikaa mle muda mrefu. Maji yalishanyamaza, lakini nikawa nasikia sauti nyingine, ya mtu anayesugua kwa nguvu kama anaondoa masizi. Nikajiambia, mzee anafurahia taulo. Kumbe masikini alikuwa anapigana nalo. Taulo lilikuwa haliyanyonyi maji, linayahamisha tu, bega la kulia kwenda la kushoto, na la kushoto kurudi la kulia. Na kadiri lilivyokataa ndivyo mzee alivyozidi kukazana, hasa kwenye ndevu, maana ndevu ndizo zilizobeba maji.

Tulikuwa tumeshakaa mezani alipotoka, kanzu safi, kitana mkononi. Mke wangu ndiye aliyemwona wa kwanza. Kijiko chake kikasimama njiani.

Ndevu zilikuwa za samawati.

Si kidogo, kwamba labda ni mwanga wa taa. Zilianza na samawati ya mbali karibu na masikio, zikakolea kidevuni, na kule nchani zikaingia kijani. Juu yake vimeganda vinyuzinyuzi vya taulo. Mzee hakuwa na habari, kwa kuwa kioo cha bafuni kilikuwa kimejaa mvuke. Akakaa, akazishika, akatutazama mmoja mmoja.

Hebu niambie, habari hiyo unaianzaje? Kiswahili kina tafsida ya kifo, ya ujauzito, ya choo, ya kila kitu kinachoona haya. Tafsida ya "baba, ndevu zako zimekuwa bluu" sijawahi kukutana nayo. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo bado nalilipia. Mimi nikaitazama dari. Binti yetu akasema anakwenda jikoni kuleta maji, hakurudi, na kutoka jikoni ikasikika sauti kama ya birika linalokabwa.

Mzee naye, kwa kuona tumenyamaza vile, akadhani tunasubiri nasaha. Akazipapasa polepole kutoka juu hadi chini. "Wanangu," akasema, "mtu mzima anajulikana kwa mvi zake." Alipoondoa mkono, kiganja nacho kilikuwa samawati, ila hakukiangalia.

Ni kitinda mimba aliyetukomboa, au aliyetuzamisha, mpaka leo sijaamua. "Babu," akauliza kwa heshima kabisa, "mkia utaota lini?"

Mzee akainuka. Akaenda kwenye kioo cha sebuleni. Tulikuwa tumempa mgongo wote, lakini masikio tulikuwa tumemwelekezea yeye. Kimya. Kimya tena. Halafu:

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Njoo."

Nikaenda. Alikuwa amelishika lile taulo kwa vidole viwili, mbali na kanzu. Akaniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: "Hili ni taulo, au ni kalamu?"

Zilioshwa kwa sabuni mara tatu. Samawati nyingi ikatoka, ikabaki kivuli tu, kama anga alfajiri. Kesho yake mzee aliondoka amejitanda shali hadi puani, na jua lilikuwa la utosi.

Mlango ulipofungwa tu mke wangu akaleta vipande vitano vya kitambaa cheupe, akavilowesha, akaanza kuvikandamiza kimoja kimoja juu ya kila taulo. Cha tausi kikatoka bluu. Cha kasuku kikatoka kama kimefunga kidonda. Pundamilia mweusi, chui hudhurungi, maua waridi. Hakusema neno, akavipanga mezani kama ushahidi mahakamani. Halafu ndipo akasema. Kwamba rangi iliyoshikana sawasawa na pamba haitoki kirahisi; inayochuja mara nyingi ni ile ya ziada, ambayo kiwandani hawakuisuuza ikaisha. Kwamba ndiyo maana jipya hufuliwa kwanza, peke yake, maji baridi, hasa likiwa jekundu au la bluu iliyokolea. Alikuwa ameokota lebo yangu kwenye pipa la taka, na yote hayo yalikuwa yameandikwa pale, kwa herufi ndogo lakini za kusomeka.

Akaligeuza la tausi. Nyuma tausi hayupo! Nyeupe tupu, na vitanzi vya uzi vimejaa. Mbele vitanzi vyote vimekatwa vikawa kama mahameli ili picha iliyochapwa ikae vizuri, na ule ndio ulaini ulionipumbaza. Vitanzi vyenyewe ndivyo vinavyonyonya maji. Mzee alijifutia upande wa picha kwa sababu mimi ndivyo nilivyomkunjia. Yale ya milia niliyoyapita, picha imefumwa ndani ya uzi wenyewe: ukigeuza unaiona upande wa pili, rangi zimebadilishana nafasi. Na gramu 350 ni wepesi wa taulo la kubeba kwenye begi la michezo. La kujifutia mtu mzima mwenye ndevu tafuta 500 na kuendelea.

Mwanamume hakubali kushindwa kwa hoja za mezani. Nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba chumvi inafunga rangi. Nikajaza beseni, nikamwaga chumvi bila huruma, nikayaloweka yote matano humo kwa pamoja, usiku kucha. Mke wangu akapita, akasema chumvi hutumika kiwandani wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye pamba, ila ukishanunua umechelewa. Nikamwambia subiri uone.

Asubuhi tukaona. Yale meusi ya pundamilia yalikuwa yameyahamia meupe, yakakutana katikati, mnyama mzima akawa kijivu. Kitinda mimba akaliinua taulo lake linadondoka maji, akalichunguza pande zote mbili, akaangua kilio: "Baba, amebaki punda!"

Bado sikukoma. Yalipokauka yakawa yamekakamaa, nikayafua tena na dawa ya kulainisha nguo, vifuniko vitatu vya chupa. Yakalainika kweli. Yakayakataa maji kuliko bata, maana dawa ile huacha utando juu ya nyuzi. Siku hizo tulikuwa tukioga halafu tunasimama tu, tunajikausha kwa upepo. Na ya maua ikaja kuwa kesi nyingine, yakatokea mabaka meupe pale penye waridi kubwa, nikailaumu mashine, nikalilaumu jua, nikamlaumu hata jirani, mpaka ikajulikana ni dawa ya chunusi ya binti yetu. Zile zenye benzoili peroksaidi hufuta rangi ya kitambaa. Taulo jeupe lisingejali. Hilo sikulisema kwa sauti, maana kuna mtu lingemfurahisha mno.

Miezi ikapita. Mataulo yakafuliwa na kufuliwa, na mimi kila mara nikitia chumvi kisirisiri. Kasuku akaanza kutoa maji meupe, au niseme karibu meupe, nikajua dawa imekubali.

Mwezi uliopita baba mkwe akaja tena. Ndevu nyeupe pepepe. Salamu, maji ya kunywa, habari za ukoo, yote kama kawaida. Usiku, alipokwenda kuoga, akafungua mkoba wake na kutoa taulo lake mwenyewe. Jeupe, limekunjwa mara nne, lina pindo la uzi mweupe. Hakusema kitu. Alipomaliza akalitundika kwenye msumari, mbali na tausi, kwa umbali wa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka.

Iliniuma. Asubuhi, wote wakiwa bado wamelala, nikaamua nimwonyeshe heshima: nimfulie. Nikatia maji ya moto kwenye beseni, sabuni, chumvi kidogo kwa usalama. Beseni lilikuwa kubwa na taulo moja lilielea peke yake, nikaona ni kupoteza maji. Nikamwongeza kasuku, ambaye alishapona. Nikaenda kumwagilia maua.

Niliporudi nikaliinua taratibu. Lilikuwa waridi, waridi ya fizi za mtoto mchanga, isipokuwa kona moja ambayo kasuku alikuwa ameilalia. Hiyo ilikuwa nyekundu kabisa.

Nyuma yangu mlango ukafunguka.

"Mkwe," sauti ikasema, "hujaliona taulo langu? Lile jeupe."