Ndugu Yake Alishinda Safari Rally

Hivi kuna Datsun 240Z, ile spoti ya Kijapani ya miaka ya 70, hata moja Kenya hii isiyo na undugu na ile ya Safari Rally? Kila muuzaji anaanzia hapo: "Boss, hii ndiyo ilishinda 1971, ikarudia 1973!" Ndiyo, Edgar Herrmann alishinda, Shekhar Mehta akashinda. Sasa mzee wangu, yako ilishinda nini?

Tena tangu moja iuzwe Marekani kwa dola 310,000 mwaka 2020, hawashikiki. Gari limelala chini ya mwembe, kuku wametagia kwenye kiti, unaambiwa bei haipungui.

Na rangi! Inang'aa mpaka unajiona meno. Chukua sumaku, ivike kitambaa usije ukadaiwa mkwaruzo, ipitishe kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pale chini, nyuma ya mlango. Isiponasa, hapo hakuna bati, ni puti ya kuzibia kutu. Muuzaji ataanza kukohoa. Mwache akohoe, wewe fungua boneti utazame chini ya betri. Asidi imedondoka hapo miaka 50: imekula trei, ikashuka ikala na reli ya chesisi. Nyanyua mazulia, kisha ingia uvunguni na tochi, ugonge reli za sakafu kwa mpini wa bisibisi. Zikilia bof, nenda zako nyumbani. Injini hufufuliwa, reli zikioza unajenga gari upya.

Ati "injini ni orijino". Soma namba kwenye bloku. Ikianza na L28 badala ya L24, ni injini ya Datsun ya baadaye. Inakimbia vizuri tu, ila usiilipie uorijino. Na namba ya chesisi ikianza na HLS30 ilhali usukani uko kulia, kuna mtu aliuhamisha. Hiyo L ni "left", usukani wa kushoto.

Kinachonikera zaidi: ukifika, injini imeshapashwa moto. "Nilikuwa naizungusha kidogo." Kumbe! Mwambie utarudi kesho, isiguswe. Moshi wa bluu wa kuwashia asubuhi mara nyingi ni sili za valvu, unavumilika. Ukitoka unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda: injini ikiwa moto, plagi zote sita nje, akseleta chini kabisa. Silinda dhaifu ikipitwa na yenye nguvu kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, punguza bei au ondoka.

Barabarani, shuka gia ya tatu hadi ya pili. Ikikwaruza, sinkro, ile pete inayolainisha kuingia kwa gia, imekwisha. Ukisikia kong' nyuma unapokanyaga, tazama mpira unaoshikilia difu.

Na harufu ya eksozi ndani? "Hizi gari ndivyo zilivyo, boss." Uongo! Ni mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma zimekufa, zinabadilishwa. Atakwambia ufungue dirisha. Ukifungua ndiyo moshi unavutwa ndani zaidi, mrudi mmelewa wote wawili na bei bado haijapungua.